Kuvuta mgongo: biashara ya miaka 2,400

Kama kazi yako ni ya kukaa kitini kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, halafu unamalizia na saa mbili nyingine ndani ya daladala au matatu, basi habari ya mgongo huhitaji kuhadithiwa. Na kama umewahi kutafuta dawa yake kwenye intaneti, lazima umekutana na lile tangazo. Mtu kalala juu ya kitanda cha umeme, kafungwa mikanda kifuani na kiunoni, pembeni yake kompyuta inachora mistari, na mhudumu aliyevaa koti jeupe anatabasamu. Kitanda kinamvuta taratibu, kinamlegeza, kinamvuta tena. Wanaiita tiba ya kupunguza mgandamizo wa uti wa mgongo bila upasuaji. Maneno mawili hayakosekani kwenye tangazo hilo: "teknolojia mpya".

Mpya? Hebu tukae chini tuhadithiane, maana hii ni moja ya tiba kongwe kuliko zote ambazo bado zinauzwa. Kabla hujatoa mshahara wako kulipia mizunguko ishirini ya kuvutwa, ni vizuri ujue ni nani wengine wamewahi kuvutwa kabla yako, na yaliwakuta nini.

Tuanzie Ugiriki, karne ya tano na ya nne kabla ya Kristo. Hippocrates, yule ambaye madaktari wanamhesabu kama baba wa fani yao, aliishi takriban kati ya mwaka 460 na 370 KK. Katika maandishi yanayobeba jina lake kuna kitabu kizima kuhusu viungo vya mwili, na humo kuna maelezo ya namna ya kunyoosha mgongo uliopinda. Njia ya kwanza ilikuwa ya ngazi. Mgonjwa anafungwa kwenye ngazi kwa kamba na mito, wakati mwingine kichwa juu, wakati mwingine kichwa chini kutegemea sehemu iliyopinda. Ngazi inapandishwa juu ya mnara au paa la nyumba, kisha inaachiwa kwa mshtuko. Uzito wa mwili wenyewe ndio ulitarajiwa kuunyoosha mgongo.

Kinachonifurahisha ni kwamba mzee mwenyewe hakuipenda njia hiyo. Anaieleza vizuri, tena kwa undani wa fundi, lakini anasema wazi kwamba madaktari wanaoipenda ni wale wanaotaka kuwashangaza watu. Umati ukiona mtu ananing'inizwa juu ya mnara unapiga makofi, na hakuna anayeuliza baadaye kama mgonjwa alipona. Miaka 2,400 iliyopita tayari kulikuwa na daktari aliyegundua kwamba mashine inaweza kuwa tamasha.

Njia aliyoipendelea yeye ilikuwa ya benchi. Mgonjwa analala kifudifudi juu ya ubao mrefu wenye miti ya kuzungushia kamba kila upande, mmoja kichwani na mwingine miguuni. Kamba zinafungwa kifuani, kwapani na kiunoni, wasaidizi wanazungusha miti, mwili unavutwa pande mbili, na daktari anakandamiza pale penye kibiongo kwa kiganja, kwa ubao au hata kwa kumkalia mgonjwa. Sasa toa kamba weka mikanda ya nailoni, toa wasaidizi weka mota, toa ubao weka godoro la ngozi. Umepata kitanda kile cha kwenye tangazo.

Benchi hilo lilisafiri sana. Galen, daktari wa dola ya Kirumi katika karne ya pili, alilichukua na kulieleza upya. Kisha elimu ya Wayunani ikatafsiriwa kwa Kiarabu, na hapo ndipo tunakutana na majina ambayo hata kwenye pwani yetu si mageni: Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ambaye kitabu chake cha Qanun kilifundishiwa udaktari kwa karne nyingi Mashariki na Ulaya, na al-Zahrawi wa Cordoba, bingwa wa upasuaji aliyefariki mwanzoni mwa karne ya kumi na moja. Wote walieleza namna ya kuvuta na kukandamiza uti wa mgongo uliohama. Mwaka 1465, katika mji wa Amasya huko Anatolia, daktari Şerefeddin Sabuncuoğlu alimaliza kitabu cha upasuaji kwa Kituruki, chenye michoro ya rangi. Katika mmoja wa michoro hiyo unamuona mgonjwa kalala kifudifudi huku watu wakimvuta kwa kamba na miti ya kuzungusha. Karibu miaka elfu mbili ilikuwa imepita tangu Hippocrates, na benchi lilikuwa lile lile.

Sasa swali la msingi ambalo karibu hakuna aliyeliuliza katika karne zote hizo: mgongo ule ulipindwa na nini? Macho yaliona kibiongo, mikono ikavuta kibiongo. Kumbe katika visa vingi ugonjwa haukuwa kwenye umbo. Mwaka 1779 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu watu ambao mgongo wao unapinda na miguu inapooza, na ugonjwa huo ukabaki na jina lake. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amempata mdudu wa kifua kikuu, na ikaja kueleweka kwamba ugonjwa wa Pott ni TB iliyoshambulia pingili za uti wa mgongo. Pingili inaliwa na wadudu, inaporomoka, mgongo unapinda. Unaweza kumvuta mtu huyo kuanzia asubuhi hadi jioni, TB haitoki kwa kamba. Inatoka kwa dawa, na dawa ya kwanza ya kuiua, streptomycin, ilipatikana miaka ya 1940.

Lakini kabla dawa haijapatikana, watu waliendelea kuvuta. Mwaka 1877 Lewis Sayre, daktari maarufu wa mifupa wa New York, alichapisha kitabu chake kuhusu magonjwa ya uti wa mgongo, na mwaka huo huo akaenda Uingereza kuonyesha njia yake. Alisimamisha miti mitatu kama mafiga marefu, juu akafunga roda. Mgonjwa alivishwa mkanda wa kidevuni na kisogoni na mingine ya kwapani, kamba ikavutwa mpaka visigino vikaachana na sakafu. Akiwa ananing'inia hivyo, Sayre alimfunga kiwiliwili kwa plasta, lile ambalo mtaani tunaliita hogo, likakauka mgongo ukiwa umenyooka. Kwa zama zake halikuwa wazo la kipumbavu. Koti la plasta lilisaidia kuzuia mgongo wenye TB usiporomoke zaidi. Tatizo lilikuwa ni kile kilichofuata.

Huko Odessa, mji wa bandari ambao wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Urusi na leo uko Ukraine, daktari aliyeitwa Osip Motschutkowsky alikuwa akimfunga plasta ya Sayre mgonjwa aliyekuwa pia na ugonjwa wa neva uitwao tabes dorsalis. Wagonjwa wa tabes hupata maumivu makali kama radi ya miguuni, wanashindwa kutembea vizuri, wanapepesuka gizani. Baada ya kuning'inizwa, mgonjwa yule akasema maumivu yamepungua. Motschutkowsky akajaribu kwa wengine, na mwaka 1883 akachapisha matokeo yake. Hakuna aliyemsikiliza sana, mpaka habari ilipofika Paris.

Paris wakati huo kulikuwa na Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, pengine daktari wa neva mwenye jina kubwa kuliko wote duniani. Fulgence Raymond alirudi kutoka safari ya Urusi akiwa na habari za kuning'iniza wagonjwa, Charcot akaijaribu njia hiyo, na mwaka 1889 akaitangaza katika mihadhara yake. Basi bwana, ikawa moto wa nyika. Mtu kama Charcot akisema, nani abishe? Ulaya na Marekani madaktari wakanunua roda na mikanda, wagonjwa wa tabes wakaning'inizwa kwa dakika chache kila mara, kichwa na kwapa vikibeba mwili mzima.

Mmoja wao alikuwa mwandishi wa riwaya Alphonse Daudet, aliyekuwa akisomwa sana Ufaransa. Yeye alikuwa na tabes, na aliweka daftari la maumivu yake ambalo lilichapishwa mwaka 1930, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1897, kwa jina la La Doulou. Humo anaitaja adha ya kuning'inizwa. Hakupona. Wala hakuna aliyepona, na baada ya miaka michache shauku ile ikazimika kimya kimya kama ilivyowaka.

Unajua kwa nini hawakupona? Kwa sababu tabes dorsalis ni kaswende iliyofika kwenye uti wa mgongo baada ya miaka mingi. Mdudu wa kaswende aligunduliwa mwaka 1905, na mwaka 1943 madaktari wa Marekani wakaonyesha kwamba penisilini inamuua. Kwa mara ya pili historia ikatoa somo lile lile. Watu waliovutwa hawakuwa wajinga, na waliowavuta hawakuwa matapeli. Walikuwa wanavuta kile kilichoonekana, huku ugonjwa uko mahali pengine. Na wengine walipata nafuu ya siku mbili tatu, ambayo ilitosha kuwafanya wote waamini.

Tuhamie Boston, mwaka 1934. Hapa ndipo mgongo wa kisasa unapozaliwa. Madaktari wawili wa hospitali ya Massachusetts General, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba watu wengi wenye maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni wana tatizo la diski. Diski ni kile kito cha gegedu kinachokaa katikati ya pingili na pingili, kigumu pembeni, laini katikati kama ute mzito. Sehemu ya pembeni ikipasuka, ute unachomoza na kugandamiza neva. Mixter na Barr waliufungua mgongo, wakautoa ute ule, na wagonjwa wengi wakapata nafuu.

Ugunduzi ulikuwa wa kweli, lakini ulikuja na picha moja kichwani ambayo mpaka leo haijatoka: kwamba kila mgongo unaouma una kitu kilichochomoza na kinahitaji kurudishwa mahali pake. Na kama kitu kimechomoza kwa kugandamizwa, si ukivuta kinarudi? James Cyriax, daktari wa hospitali ya St Thomas' mjini London aliyeishi kati ya mwaka 1904 na 1985, alikuwa mtetezi mkubwa wa wazo hilo. Aliamini kuwa ukizitenganisha pingili kwa nguvu ya kutosha, diski inavutwa ndani kama maji kwenye bomba la sindano. Hospitali nyingi zikajaa vitanda vyenye kamba, roda na mawe ya uzito miguuni, na wagonjwa wakilala hivyo siku na siku.

Hesabu ndogo tu ikaharibu sherehe. Mwaka 1955 daktari wa Kimarekani, Bernard Judovich, alipima msuguano kati ya mwili na godoro. Akakuta kwamba uzito unaovuta ukiwa chini ya takriban robo ya uzito wa mgonjwa, nguvu yote inaishia kwenye godoro na haufiki mgongoni. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni zaidi ya kilo 17. Mzigo mdogo miguuni ulikuwa na kazi moja tu, kumzuia mgonjwa asiondoke kitandani. Judovich akatengeneza kitanda kilichokatwa katikati, ambacho nusu ya chini inateleza kwenye magurudumu ili msuguano upungue. Vitanda vya leo ni wajukuu wa kitanda hicho.

Na kule kulala kitandani kwenyewe kukaja kupimwa. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake nchini Marekani waliwachukua wagonjwa 203 wenye maumivu ya mgongo, nusu wakaambiwa walale siku mbili, nusu siku saba. Waliolala siku mbili hawakuwa na hali mbaya zaidi, na walikosa kazi siku chache zaidi kuliko wenzao. Siku hizi daktari atakwambia uendelee kutembea kadiri unavyoweza.

Sasa tumefika kwenye kitanda cha tangazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Allan Dyer, Mkanada aliyewahi kuwa mtendaji wa juu katika wizara ya afya ya jimbo la Ontario, alileta mashine iliyoitwa VAX-D. Hoja yake ilikuwa kwamba kuvuta kwa kawaida kunaufanya mwili ushtuke na misuli ikaze, lakini ukivuta kwa mpangilio maalumu, ukiongeza na kupunguza taratibu, misuli haishtuki na mgandamizo ndani ya diski unashuka. Kwa hiyo, wakasema watengenezaji, hii siyo kuvuta. Hii ni kupunguza mgandamizo. Baadaye zikaja mashine nyingine za makampuni mengine, kama DRX9000 na Accu-SPINA, kila moja ikiwa na kompyuta nzuri kuliko ya mwenzake.

Ushahidi uliotajwa sana kwenye vipeperushi ulikuwa makala ya mwaka 1994 katika jarida la Journal of Neurosurgery. Wagonjwa walichomekwa sindano ya kupimia ndani ya diski wakiwa juu ya mashine, na mgandamizo ukaonekana kushuka chini ya sifuri. Ni matokeo ya kuvutia, lakini wagonjwa wenyewe walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Makala ilipima mgandamizo, haikupima kama watu wale walipona kuliko ambao wangebaki nyumbani. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Utasikia pia kwamba mashine hizi "zimeidhinishwa na FDA", mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani. Hapa fungua macho. Tangu sheria ya mwaka 1976, kuna njia ambayo mtengenezaji wa kifaa anaonyesha tu kwamba kifaa chake kinafanana na kingine ambacho tayari kipo sokoni, na anaruhusiwa kuuza. Hatakiwi lazima kuonyesha kwamba kinatibu vizuri. Mashine za kupunguza mgandamizo zilipita kwa njia hiyo, na kundi zilimowekwa linaitwa, kwa tafsiri yangu, vifaa vya kuvuta vinavyotumia umeme. Mbele ya mteja siyo kuvuta, mbele ya serikali ni kuvuta. Nakuachia mwenyewe.

Kuna hadithi nyingine iliyopendwa kwenye matangazo, ya wanaanga: eti wakiwa angani, bila uzito, migongo yao inarefuka na maumivu yanaisha, na mashine inaiga hali hiyo. Kurefuka ni kweli, mwanaanga anaweza kuongezeka urefu sentimita kadhaa. Lakini wengi wao huumwa mgongo wakiwa kule juu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba wanaanga wa Marekani walipata matatizo ya diski kuchomoza zaidi ya mara nne ukilinganisha na kundi la watu wasiokwenda angani. Diski iliyonyweshwa na kurefushwa kumbe si lazima iwe diski yenye afya.

Tufike kwenye upimaji wenyewe, maana hapa ndipo karne yetu inatofautiana na ya Charcot. Leo tunajua namna ya kuuliza swali: wagawe wagonjwa kwa bahati nasibu, kundi moja livutwe kweli, lingine livutwe kwa kuigiza, mikanda ile ile, kitanda kile kile, ila nguvu ndogo isiyoweza kufanya kitu. Uholanzi walifanya hivyo mwaka 1995 kwa wagonjwa 151, wakachapisha katika jarida la Lancet. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi. Mwaka 2009 wakafanya tena huko huko Uholanzi, safari hii kwa mashine ya kisasa ya kompyuta, wagonjwa 60. Na hapa naomba usome polepole: makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliovutwa kweli maumivu yalipungua, na walioigiziwa maumivu yalipungua vilevile.

Unaona mtego ulipo? Ukienda kliniki, ukalipa, ukavutwa wiki sita, ukapata nafuu, utaapa kwamba mashine imekuponya. Utawaambia wenzako ofisini, na wewe si mwongo, nafuu umeipata kweli. Ila maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe kwa muda. Hata diski iliyochomoza mara nyingi husinyaa. Henrik Weber wa Oslo aliwafuatilia wagonjwa 126 wa diski, wengine wamepasuliwa na wengine hawakupasuliwa, na mwaka 1983 akaripoti kwamba baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa mbele, lakini baada ya miaka minne tofauti haikuwa na uzito tena. Muda ni daktari asiyetoa risiti, kwa hiyo sifa zake huchukuliwa na yeyote aliyekuwa karibu wakati huo.

Mwaka 2013 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 32 yenye washiriki 2,762, hitimisho likawa kwamba kuvuta kunaleta tofauti ndogo au hakuleti kabisa kwa maumivu ya mgongo wa chini. Mwaka 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza ikawaambia madaktari wasitoe tiba hiyo kwa maumivu hayo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, likatoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, na mwaka 2020 maumivu ya mgongo wa chini kwa jumla yaliwakumba watu milioni 619 duniani. Kuvuta kumo katika orodha ya mambo wasiyoyashauri. Yaliyoshauriwa ni pamoja na elimu ya kumwezesha mgonjwa kujihudumia, mazoezi na msaada wa kisaikolojia.

"Lakini mimi nina picha ya MRI inaonyesha diski imechomoza!" Nakusikia. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walipiga picha za MRI migongo ya watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walikuwa na angalau diski moja iliyovimba kutoka mahali pake. Watu wazima, wanatembea, wanacheza, hawajui. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kusema kwamba hicho unachokiona ndicho kinachouma. Macho ya leo yanaona ndani kuliko macho ya Hippocrates, lakini kosa la kuvuta kile kinachoonekana bado liko pale pale.

Nisieleweke vibaya, kuvuta si uongo mtupu. Kuna mahali kunaokoa maisha. Mtu aliyevunjika au kuteguka pingili za shingo katika ajali, pingili zimehama na zinabana uti, huvutwa kwa uangalifu ili zirudi kwenye mstari. William Crutchfield wa Virginia alianzisha koleo la kushika fuvu kwa kazi hiyo mwaka 1933, na mwaka 1959 Jacquelin Perry na Vernon Nickel wa California wakaeleza pete ya chuma inayofungwa kichwani. Pete kama hiyo inatumika pia Afrika. Katika hospitali ya FOCOS mjini Accra, Ghana, watoto wenye migongo iliyopinda vibaya sana huvutwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, wengine wakitembea na kuendesha viti vyao huku pete iko kichwani, ili kuuandaa mgongo kwa upasuaji. Hapo benchi la Hippocrates limepata kazi yake halali: linajulikana linavuta nini, kwa nini, na nini kinafuata.

Na kwa shingo inayouma na kusambaza ganzi mkononi kuna mwanga kidogo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, wa wagonjwa 86, ulikuta kwamba kuongeza kuvuta kwa mashine juu ya mazoezi kulileta nafuu kuliko mazoezi peke yake. Ni utafiti mmoja, na kuvuta kulikwenda pamoja na mazoezi. Lakini ni haki kuutaja.

Kwa nini wazo hili halifi basi? Nadhani ni kwa sababu linaeleweka kirahisi mno. Kimebanwa, kivute. Mtoto wa chekechea ataelewa. Kuvutwa kunahisi vizuri pia, ule mnyooko una raha yake, na mtu kukuhudumia nusu saa bila haraka ni kitu ambacho hospitali zetu zenye foleni hazikupi. Tena mashine inauzwa, inakaa ukumbini, inang'aa. Kutembea hakuna anayekuuzia.

Kwa hiyo ukikutana na tangazo, usiulize kama mashine inavuta. Inavuta, hilo halina ubishi tangu Ugiriki. Uliza inavuta nini kwako wewe, nani amekupima na kuthibitisha kwamba hicho ndicho kinachouma, na ikilinganishwa na mashine ya kuigiza inazidi kwa kiasi gani. Uliza pia bei ya mizunguko yote kabla ya kufunga mkanda wa kwanza, maana bei ya mzunguko mmoja huwa ni chambo tu. Ukijibiwa kwa ushuhuda wa wateja, kumbuka wale waliopata nafuu kwa kuigiziwa.

Na kuna dalili ambazo hazitaki mashine wala blogu, zinataka hospitali, tena haraka. Mgongo unauma huku unashindwa kuzuia mkojo au choo, au sehemu za kukalia zimekufa ganzi, au miguu inaishiwa nguvu: nenda siku hiyo hiyo. Mgongo unauma wiki kwa wiki huku unakonda, unapata homa za jioni na jasho la usiku: nenda kapimwe TB. Ugonjwa wa Pott haukuishia London ya mwaka 1779. Upo huku kwetu, unatibika kwa vidonge, na kila wiki unayoipoteza ukivutwa ni wiki ambayo pingili inaliwa.

Kwa sisi wengine wa kawaida, tunaoumwa kwa sababu ya viti na foleni za barabarani, historia inatuachia ushauri usio na mng'ao wowote. Tembea. Fanya mazoezi ya mgongo na tumbo, ukiweza mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe mwanzoni. Usilale kitandani wiki nzima. Upe mgongo muda.

Haya, umekaa kusoma makala hii zaidi ya dakika kumi. Inuka hapo kitini, nenda kanywe maji.